Gigozi

Siku tatu za mafunzo katika ukumbi wa parokia,
chai ya maziwa, mandazi, kayee ya kurasa mia,
na maneno mawili niliyoyapigia mstari:
Sikiliza. Usiahidi.

Mimi ni muuza unga wa muhogo, Kadutu.
Mkono wangu wa kulia unajua kazi moja, mwaka wa ishirini huu:
kuchota, kujaza gigozi, kopo kuukuu la maziwa ya watoto,
kisha kuacha kilima juu
au kukipangusa kwa kijiti.

Wakanipa faili nyembamba.
Cito, miaka minane, darasa la pili,
shuleni hajaonekana tangu Pasaka.
Kovu, mkono wa kushoto. *Alianguka*,
na neno hilo limeandikwa kwa wino mwingine.

Nimeteremka Cimpunda mara sita,
ngazi za udongo, mvua ikiteremka nami bila kuniomba njia.
Mara ya kwanza alinitazama viatu.
Mara ya pili, viatu.
Mara ya tatu baba yake mkubwa alisimama mlangoni,
suruali imepigwa pasi,
akaniuliza kama kwangu hakuna watoto wa kuchunga.
Wapo, nikasema.
Nikakaa kwenye kigoda chenye miguu mitatu
kama mtu anayekaribia kuondoka,
nikakaa hivyo saa nzima.

Mara ya nne Cito ndiye aliyeanza:
Wewe unapangusa, au unaacha kilima?
Nilimwambia ukweli, kwamba inategemea mteja.
Akanyamaza
kama mwalimu anayepunguza maksi.

Kesi iliahirishwa, karani alikuwa na msiba.
Iliahirishwa, karatasi zilikuwa zimekwisha.
Iliahirishwa, na hakuna aliyetuambia kwa nini.
Kila Alhamisi nilifunika meza, nikashuka hadi Ibanda.
Mume wangu akauliza, wanakulipa nini hao?
Mandazi, nikasema. Siku tatu. Mwezi wa pili.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka,
akanitafutia mwavuli.

Hatimaye juji, mwanamke, miwani shingoni:
Na wewe, mama, ni nani wake?
Si mama yake. Si shangazi.
Avoka ni yule kijana, anaipekua faili
kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa.
Nililitafuta neno; kayee haikuwa nalo.
Nikasema: Mimi ndiye ninayekuja.

Juji akaandika kitu, akamgeukia Cito.
Nyumbani unakula?

Mtoto akajibu kwa sauti ya kuhesabu:
Watoto wake anawapimia kilima.
Mimi anapangusa.
Siku nyingine anageuza kopo,
ananipimia kwa kitako.

Baba mkubwa akasimama: Mheshimiwa, haya ni maneno ya sokoni,
huyu mwanamke ndiye aliyemfundisha!
Damu ikanipanda usoni,
kwa sababu neno lilikuwa langu, kweli.
Njaa haikuwa yangu.

Onyesha, juji akasema.
Cito akainua mikono, akageuza kopo lisilokuwapo,
akatuonyesha kile kiukingo cha chini, kina cha ukucha,
na jinsi unga unavyokaa pale, kidogo, kama vumbi la dirishani.
Mkono wa sweta ukapanda wenyewe.
Hakuna aliyekuwa ameuliza kuhusu kovu.
Hata avoka aliacha kupekua.

Miezi sita kwa shangazi yake, Bagira.
Kisha tutaona.
Hili *tutaona* nimelibeba hadi nyumbani
kama yai kwenye mfuko wa kanzu.

Kesho yake mteja akaniambia, Mama Nabintu,
kilima hiki cha leo kitakufilisi.
Mchana kutwa niliacha vilima.
Jioni nikakumbuka ada ya shule ya wanangu,
nikakichukua kijiti, nikapangusa.
Ndiyo. Nilipangusa.

Jumanne ninapanda Bagira.
Najua ataniuliza.